Mkombozi Aliyekwisha Kuja: Shaka na Matumaini katika Uhuru wa Watumwa

Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa (1934), kwa kuwasifu mno Waingereza, kisha wakakiweka kando. Lawama hiyo ni ya haki, ila haitoshi. Linalotushughulisha hapa ni suala la imani: je, aliyekwisha kukombolewa ana ruhusa ya kuona shaka?

Tuanze na neno lenyewe. Rehani hukombolewa, mateka hukombolewa, na Masihi huitwa Mkombozi. Wakazi wa Freretown, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS huko Kisauni mnamo 1875, waliijua maana hiyo kwa miili yao. Wengi walitolewa majahazini na manowari za Waingereza. Na huko Rabai, mwanzoni mwa 1889, watoro zaidi ya 1,000 walilipiwa fidia kwa mabwana zao.

Mbotela, mwana wa mmoja wa waliookolewa, anaandika kama mtu ambaye kungoja kwake kumekwisha. Hapo ndipo ninapoachana naye. Mapokeo ya Kiyahudi, ambamo wamisionari wenyewe walilipata jina la Masihi, yangali yanamngoja. Musa bin Maimuni, katika karne ya 12, aliihesabu imani ya kuja kwake kuwa miongoni mwa misingi ya dini, hata kama atakawia. Basi anayengoja aweza kuitazama dunia, akaiona haijatengenea, akalisema hilo pasipo kukufuru. Mimi, ambaye imani yangu si timilifu, nahisi kwamba katika kungoja kwa namna hiyo nami ningepata pa kukaa. Aliyekwisha kupokea hapati nafasi hiyo. Akinung'unika, huambiwa hana shukrani.

Athari yake imo katika fani. Kurasa za utekwaji na safari zina uhai, kwa kuwa msimulizi bado hajui atafika wapi. Tukishuka pwani kwenye uhuru, lugha yaanza kuhutubu. Hali historia ya mahali penyewe haikuwa shwari: mapema katika miaka ya 1880 msimamizi mmoja wa kituo alishutumiwa kwa kuwachapa wakazi viboko. Na ile kengele, ambayo hata leo imesimama pale Kengeleni, haikupigwa kwa ajili ya sala tu. Ilipigwa pia kuwaonya waliokombolewa kwamba watekaji wanakuja.