Mbotela na ufundi wa kuuliza bila kuhukumu

Mtangazaji wa redio Leonard Mambo Mbotela alipofariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, Wakenya wengi walimuaga kwa swali lake mwenyewe: Je, huu ni ungwana? Zikasifiwa sauti yake, Kiswahili chake na uchangamfu wake. Sifa hizo anastahili zote, ila hazielezi kazi ilivyofanyika. Sauti nzuri zimepita redioni nyingi, na nyingi zimesahaulika. Kipindi chake, kilichobeba swali hilo kama jina, kilianza mwaka 1966 kikadumu zaidi ya nusu karne, kikavuka marais, kikavuka mabadiliko ya redio ya taifa, Sauti ya Kenya, kuwa KBC, kikaikuta enzi ya stesheni za FM bado kipo hewani. Kitu kinachodumu hivyo kina muundo, na muundo unaweza kufunguliwa tukautazama ndani.

Hoja yangu ni kwamba nguvu ya Mbotela ilitokana na kazi moja aliyokataa kuifanya. Alisimulia kosa, akalipamba, akalifikisha mlangoni, kisha hukumu akamwachia msikilizaji.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mfano ufuatao nimeutunga mimi, kwa kufuata mtindo wake. Abiria ameketi ndani ya matatu, jirani yake akafungua gazeti. Abiria anaanza kuchungulia. Baada ya muda anainamisha shingo asome vizuri zaidi. Mwenye gazeti akitaka kufungua ukurasa wa pili, abiria anamshika mkono: "Ngoja kidogo ndugu yangu, hapa sijamaliza." Je, huu ni ungwana?

Kisa kina viungo vinne. Kuna mahali ambapo kila msikilizaji amewahi kuwa, hivyo hahitaji kuchorewa. Kuna mhusika asiye na jina, kabila wala kazi. Kuna tendo linalopanda ngazi: kuchungulia kunasameheka, kuinamisha shingo kunachekesha, kumshika mtu mkono kunaudhi. Mwisho kuna swali, nalo linakuja mara tu kisa kinapofika kileleni, kabla kicheko hakijapoa.

Sasa kiondoe kisa uweke mawaidha: "Si vizuri kusoma gazeti la mwenzako bila ruhusa." Ukweli ni uleule, lakini msikilizaji hana la kufanya. Ameambiwa, amekubali, amesahau. Swali humwachia kazi. Mmoja sebuleni atasema huo si ungwana hata kidogo. Mwingine atasema gazeti lilikuwa wazi, macho hayalipi nauli. Wa tatu atanyamaza kwa sababu jana yeye ndiye aliyechungulia. Kipindi kimekwisha redioni, mjadala unaanza nyumbani. Kwa mtangazaji hiyo ni faida kubwa: dakika chache za hewani zinazaa mazungumzo ya jioni nzima.

Mhusika asiye na jina naye ana asili yake. Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940. Mtaa huo ulianzishwa na wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 kuwa makazi ya watumwa waliokombolewa, na ukoo wake ulitokana na watu hao. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia mahali ambapo watu wa asili mbalimbali walikutanishwa na Kiswahili, tena katika nyumba ambamo Kiswahili kiliandikwa kitabu. Pwani hiyohiyo ndiyo yenye taarabu na maneno ya kanga, sanaa mbili zinazomudu kusema jambo zito bila kumtaja mtu. Anayesemwa hujijua. Mbotela aliichukua mbinu ya fumbo akaigeuza matumizi. Mpasho humlenga mtu mmoja kati ya wengi. Kisa chake kiliwalenga wote kwa pamoja, kila mtu akawa na nafasi ya kujiona humo bila jirani kujua.

Mbinu hii iliufaa wakati wake. Mwaka 1966 Kenya ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Miji ilikuwa ikipokea watu kutoka kila upande, na kila mmoja alikuja na adabu za kwao: namna ya kumwamkia mzee, namna ya kukaribisha mgeni, nani aanze kula, nani ampishe nani njiani. Watu hao sasa walipanga foleni moja, wakapanda basi moja, wakatumia bomba moja la maji uani. Adabu za nani zifuatwe? Mtangazaji wa taifa angetoa amri, angeonekana analeta mila za upande mmoja. Swali lilimwokoa na mtego huo. Kila msikilizaji alilijibu kwa malezi yake, na taratibu ikaonekana kwamba kuna mambo ambayo karibu wote wanayakataa: kuwahi mbele ya foleni, kupiga kelele usiku wenzako wamelala, kukopa na kujifanya umesahau. Makubaliano hayo yalitoka kwa wasikilizaji wenyewe, hayakuteremshwa kutoka studio.

Upande wa sauti nao una ufundi wake. Katika miaka hiyo redio ilisikika zaidi kwenye masafa ya kati na masafa mafupi. Kwenye masafa ya kati, nafasi kati ya stesheni na stesheni ni kilohezi 9 tu, na hilo huikata sauti sehemu yake ya juu. Kinachopotea kwanza ni ncha za konsonanti kama s, f na sh. Ongeza mikwaruzo ya radi, betri zinazokaribia kuisha na spika ndogo iliyo juu ya kabati huku chungu kikichemka, utaelewa kwa nini mtangazaji wa enzi hizo hakuweza kunong'ona wala kubwabwaja kama wanavyofanya wengi leo mbele ya kipaza sauti cha kisasa. Ilibidi atamke kwa kufungua kinywa, sentensi ziwe fupi, na jina muhimu lirudiwe. Kiswahili kilimsaidia, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazosafiri vizuri zaidi kwenye redio mbovu. Mbotela alizitumia: aliziburuta kidogo mwishoni mwa neno la maana, na kicheko chake kilikuwa wazi kiasi kwamba hata mikwaruzo haikukificha.

Ufundi huohuo ulimfaa uwanjani, ambako alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kandanda waliojulikana zaidi nchini. Ilikuwa enzi ya timu ya taifa, Harambee Stars, kutwaa Kombe la Cecafa mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, Mahmoud Abbas akiwa langoni. Wengi waliijua timu hiyo kwa masikio. Mtangazaji wa mpira redioni ana matatizo mawili: kumpa msikilizaji uwanja, kisha kumwonyesha mpira unavyokwenda humo. La kwanza utangazaji wa Kiswahili umelitatua kwa kukigeuza chombo kuwa ramani: timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. La pili linatatuliwa na kitenzi. Neno "amemnyang'anya" lina mtendaji, wakati, mtendwa na tendo, vyote kwa pumzi moja. Mtangazaji akitaja jina kisha akaachia kitenzi, anaweza kwenda sambamba na mguu wa mchezaji. Ustadi unabaki katika kupanga kasi, kwa kuwa anayepiga kelele tangu dakika ya kwanza hana pa kupanda bao likiingia. Na hapa ndipo uwanja na Ungwana vinapokutana. Katika vyote viwili tendo hupandishwa ngazi kwa ngazi, kilele hucheleweshwa, na msikilizaji huachiwa sehemu yake ya kumalizia.

Kipimo kikubwa cha sauti hii hakikupangwa na yeye. Alfajiri ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa ngazi za chini wa Jeshi la Anga waliiteka Sauti ya Kenya. Walimtoa Mbotela nyumbani kwake, wakamfikisha studio chini ya bunduki, naye akatangaza kwa Kiswahili kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Saa chache baadaye vikosi vitiifu vikiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed vilikikomboa kituo, na sauti hiyohiyo ikatangaza kwamba serikali imerudi.

Kisa hicho husimuliwa sana kama kioja cha maisha yake. Kiufundi kina maana nzito zaidi. Waasi walikuwa na studio, walikuwa na mitambo ya kurushia matangazo, na bila shaka walikuwa na watu wanaojua kusoma. Kwa nini wapoteze muda wa thamani kumfuata mtu mmoja kitandani? Kwa sababu tangazo likisomwa na mgeni asubuhi ile, nchi ingeuliza kwanza huyu ni nani. Likisomwa na Mbotela, swali hilo halipo. Linabaki neno lenyewe. Waliomrudisha hewani baadaye siku hiyo walipiga hesabu ileile. Kwa miaka 16 alikuwa ameingia majumbani bila kumwamrisha mtu, na akiba hiyo ya imani ndiyo iliyofanya amri isomwayo kwa sauti yake isikilizwe. Siku ile akiba hiyo iliibiwa, kisha ikatumiwa tena kurekebisha wizi. Anayefundisha utangazaji angeweza kuanzia hapo: uaminifu wa sauti hujengwa kwa mambo madogo, na thamani yake huonekana siku ya jambo kubwa.

Kuna upande wa pili ambao mchambuzi hana haki ya kuuruka. Kipindi kilishughulika na makosa madogo, na udogo huo ulikuwa na faida: hakuna asiyewahi kuyatenda, hivyo hakuna aliyekaa pembeni akicheka wenzake kwa usalama. Lakini udogo ulikuwa pia ndio mpaka wa redio ya serikali katika nchi iliyokuja kuwa ya chama kimoja kisheria mwaka huohuo wa 1982. Kumuuliza mwananchi kama kukatiza foleni ni ungwana kuliwezekana. Kuuliza kama kumweka mtu kizuizini bila kesi ni ungwana, kwenye kipaza sauti kilekile, kungekuwa jambo jingine kabisa. Swali la Mbotela lilitazama upande wa jirani zaidi kuliko upande wa ofisi kubwa. Sidhani hilo linapunguza ustadi wake. Linaonyesha tu chombo alichofanyia kazi kilikuwa cha nani. Hata hivyo swali likishazoeleka halina mwenyewe. Wakenya walilibeba nje ya studio, na leo unaweza kulisikia likielekezwa kwa mbunge aliyejiongezea marupurupu sawa na linavyoelekezwa kwa abiria wa matatu.

Watangazaji wa sasa wana mengi ambayo yeye hakuwa nayo: sauti safi ya FM, simu za wasikilizaji papo kwa papo, ujumbe wa WhatsApp unaomiminika kabla mada haijaisha. Vipindi vya asubuhi vimejaa visa vya tabia za watu, tena vingine vikubwa kuliko vyake. Tofauti huonekana mwishoni mwa kisa. Mtangazaji anauliza, halafu palepale anajibu: anamcheka mhusika, anamtaja, anampigia simu aaibike hewani, anatoa hukumu na wenzake wanampigia makofi. Msikilizaji amegeuzwa mtazamaji wa kesi ya mtu mwingine. Anaburudika, lakini hajitazami.

Anayetaka kumuenzi Mbotela kwa kazi anaweza kuanza na zoezi rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Chagua kosa ambalo wewe mwenyewe umewahi kulifanya. Lisimulie bila jina, kwa hatua zinazopanda. Uliza. Kisha weka muziki na uondoke, hata kama jibu linakuwasha ulimini. Ukilisema wewe, wasikilizaji watakuwa wamepata maoni ya mtangazaji mmoja zaidi, na maoni ya watangazaji hayajawahi kuadimika.