Skrubu ya Mwisho Kuguswa

Mashine kuukuu ya kukata nyasi ikifikishwa kwa fundi, mwenyewe huja na hukumu yake tayari: kabureta. Haiwaki asubuhi, ni kabureta. Inawaka lakini ikikutana na nyasi inazima, ni kabureta. Lawama hizi zina chanzo. Kabureta iko nje, inaonekana, ina skrubu inayopokea bisibisi bila taabu, na ukiizungusha robo tu injini inabadili sauti papo hapo. Hakuna sehemu nyingine inayojibu upesi namna hiyo. Mimi humtambua fundi wa kweli kwa jambo moja: skrubu hiyo huigusa mwisho.

Nazungumzia injini ya mipigo miwili, tustroki kama wengi wanavyoiita, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Asili yake ni Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, aliyeiombea hataza mwaka 1891. Day alikifanya chumba cha kranki, kilicho chini ya pistoni, kuwa pampu. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta hewa na petroli kupitia kabureta. Ikishuka, mchanganyiko ule unabanwa na kusukumwa juu kupitia njia za ubavuni mwa silinda, huku moshi wa mlipuko uliotangulia ukitokea tundu la ekzosi. Kila mzunguko wa kranki una mlipuko wake. Katika injini nyingi za namna hii zilizofungwa kwenye mashine za nyasi, pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu. Hamna pampu ya oili, wala hamna oili iliyotuama chini, ndiyo maana mashine hizi hukata nyasi kwenye miteremko bila wasiwasi.

Ni urahisi huo uliomwezesha Mervyn Victor Richardson, mwaka 1952, nyumbani kwake Concord, Sydney, kuunda mashine ya nyasi kwa vyuma chakavu. Alichukua injini ya Villiers akailaza ubavu, kisu kikafungwa kwenye shafti yake, na kopo la pichisi likawa tangi la petroli. Jina lake la kati likazaa jina la mashine, Victa, iliyokuja kuenea katika nyua za Australia nzima. Lile kopo nalihesabu kuwa sifa kubwa kwa injini. Mashine inayokubali kulishwa kutoka kopo la matunda haina makuu.

Ila urahisi huo una deni, na hapo ndipo ufundi unapoanzia. Vipande vikiwa vichache, kila kimoja hutwishwa kazi mbili. Pistoni inasukuma kranki na papo hapo ni mlango wa silinda. Chumba cha kranki kinashika beringi na papo hapo ni pampu. Petroli inaungua, na ndiyo iliyobeba oili ya kulainisha. Kwa hiyo ugonjwa huanzia mahali pamoja, dalili ikajitokeza pengine.

Chukua sili za kranki, zile pete za mpira zinazozuia hewa kupenya kandokando ya shafti. Mpira ukikaa miaka mingi hukauka ukawa mgumu. Sili ya chini ndiyo yenye mateso zaidi, kwa kuwa iko juu tu ya kisu. Inakula vumbi na maji ya nyasi, na kisu kikigonga jiwe shafti hupinda kidogo ikaanza kuila. Hewa inayopenya hapo haikupitia kabureta, kwa hiyo haikuchukua petroli wala oili. Injini inapanda kasi yenyewe, inashuka, inapanda tena. Asiye na subira hufungua skrubu petroli iongezeke, na kweli mashine inatulia. Anaamini ameitibu. Kumbe sili inazidi kulika, hewa inazidi kuingia, na baada ya muda oili inayoifikia pistoni haitoshi. Pistoni inapata moto, inatanuka, inakwaruza silinda mpaka injini inanoki.

Kipimo chake kinapendeza kukitazama. Ziba tundu la ekzosi na mlango wa kabureta kwa vipande vya mpira, plagi ikiwa mahali pake. Jaza chumba cha kranki upepo kwa pampu ya mkono, usizidi nusu baa, kisha pakaza povu la sabuni kuzunguka shafti. Sili nzima haitoi kitu. Iliyochoka hutoa kipovu kimoja upande mmoja, kinakua, kinapasuka, kinafuatwa na kingine palepale. Hapo huna haja ya kubishana na mwenye mashine. Mwite aone.

Tundu la ekzosi nalo hudanganya. Oili isiyoungua yote huacha masizi magumu, tundu linazidi kuwa dogo, na injini inawaka vizuri lakini haina nguvu. Toa ekzosi, pandisha pistoni hadi juu kabisa ili ubavu wake uzibe tundu na masizi yasiangukie ndani ya silinda, kisha kwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi hapana. Pistoni ni ya alumini, na alumini ni laini. Ni kazi chafu, na naipenda sana, kwa sababu ukingo wa tundu hurudi kama kiwanda kilivyouacha bila kununua chochote.

Kwenye cheche nitapita haraka. Mashine za zamani zina pointi chini ya flaiwili. Zisafishwe, na uwazi wake upimwe kwa fila geji kufuata maelekezo ya injini husika, mara nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.5.

Mafuta yana mtego ambao watu hawauamini wakielezwa. Injini za Victa hutumia uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli. Mwenye kuihurumia mashine yake huongeza oili akidhani anailinda. Lakini tundu la kabureta linapitisha kiasi kilekile cha majimaji, basi oili ikizidi petroli imepungua, na hewa ndiyo iliyozidi. Oili ipimwe kwa chombo chenye alama. Kuipanga kabureta kwa mchanganyiko wa kukisia ni kujisumbua bure.

Sasa bisibisi. Injini iwe imeshapata moto na filta ya hewa iko mahali pake, maana kabureta iliyopangwa bila filta itakosea filta ikirudishwa. Ongeza kasi hadi ya kazi, kisha kaza skrubu ya mafuta polepole. Mlio unapanda, unakuwa mkali na safi, halafu injini inaanza kulegea. Umepita. Fungua kidogo kidogo mpaka mlio uvunjike, injini iwe inaruka mlipuko mmoja na kupiga mwingine, inabwabwaja. Sikio geni hudhani hiyo ni hitilafu, lakini ndiyo hali inayotafutwa, kwa kuwa injini haina mzigo. Isukume kwenye nyasi nene usikilize: kubwabwaja kunakwisha, milipuko inafuatana bila kuruka, mlio unanyooka. Itoe, inabwabwaja tena. Petroli ile ya ziada ndiyo inayoipoza pistoni na kuifikishia oili. Baada ya hapo irudishe kwenye nyasi, izime ikiwa humo humo, ufungue plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe ni dalili ya hewa nyingi, nyeusi yenye umajimaji ni petroli nyingi.

Injini hizi zinachafua hewa, na kwa hilo sizitetei. Kwa muda mfupi njia ya kuingizia na ya kutolea huwa wazi pamoja, na petroli mbichi hutoroka na moshi. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuziondoa injini mpya za petroli kwenye mashine za bustani, kwa zile zinazotengenezwa kuanzia 2024. Naona ni haki. Lakini zilizokwisha tengenezwa zipo bado, na iliyopangwa vizuri hutoa moshi mdogo kuliko iliyotelekezwa. Tena katika pwani yetu boti nyingi za wavuvi huendeshwa na mashine za mipigo miwili, zenye sili zinazokauka vilevile na petroli inayochanganywa vilevile. Mashine ya nyasi ikizima, mwenyewe hubaki amesimama uani kwake. Ndiyo maana ningependa kijana aliyeanza ufundi aipime sili kwa povu la sabuni hapo kwanza, mara nyingi awezavyo, kabla ya kumfungia mvuvi mashine ya kwenda nayo nje ya miamba.