Kagua Pembe Kabla ya Mng'aro

Mteja wa hapa Isaka akifungua boksi la spea lililotoka Dar es Salaam au Mwanza, macho yake hukimbilia mng'aro. Hapo ndipo anapoliwa. Msasa wa dakika kumi unaweza kuipamba kazi mbovu ikang'aa kama sufuria ya bi harusi. Mimi niliwahi kupokea kapulingi ya karasha ya namna hiyo, kutoka karakana ambayo sitaitaja. Haikumaliza mwezi: ilipasuka kwenye shina la jino. Nilipoipeleka juani, chini ya mikwaruzo ya msasa niliona mawimbi madogo, kama bati la paa. Karasha lilisimama, mawe yakalala, wachimbaji wakaninunia wiki nzima.

Spea hizi hukatwa na mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, nayo haijui kazi nzuri wala mbaya. Inafuata programu, na siku hizi programu hiyo hutungwa kwa CAM: fundi huchora kifaa kwenye kompyuta, huchagua kisu na kuamua kipite wapi na kwa mwendo gani, kisha kompyuta humwandikia mistari ya maagizo. Kwa hiyo unayemkagua ni mtunga programu. Tabia yake yote ameiacha juu ya chuma.

Anza na pembe za ndani, maana huko ndiko uvivu hujificha. Kisu cha kipenyo cha milimita 10 hakiwezi kuacha pembe ya ndani yenye nusu kipenyo chini ya milimita 5. Mchoro ukitaka 5 kamili, mtungaji mvivu huchukua kisu hicho hicho cha 10. Kikifika kwenye pembe kinalemewa na chuma ghafla, kinasita ili kigeuke, kinatetemeka. Mawimbi yangu yalizaliwa hapo. Anayejua kazi huchukua cha 8, kikaizunguka pembe bila kusita. Pitisha ukucha polepole. Pembe njema ukucha huteleza. Mbaya hukwaruza kama kitana.

Kisha tazama matundu na matao. Kompyuta ikiachiwa huweza kulivunja duara likawa mistari mifupi mifupi iliyonyooka, amri ya G01 baada ya amri ya G01. Mtungaji akiruhusu kosa kubwa mno, tundu hutoka na nyuso ndogo ndogo. Ligeuze kwenye mwanga wa jua utaziona. Mjuzi huiagiza mashine ikate tao lenyewe, kwa amri ya G02 au G03.

Ukipata nafasi ya kuingia karakana, muulize fundi mwendo wa kisu. Kisu cha kabaidi cha milimita 10, kikikata chuma laini kwa mita 100 kwa dakika, huzunguka karibu mara 3,180 kwa dakika. Kikiwa na meno manne, kila jino liking'ata milimita 0.05, meza husogea kama milimita 640 kwa dakika. Namba zake zinaweza kutofautiana na hizi, bora awe na hesabu ya kukuonyesha. Anayekujibu "naweka ya kawaida tu" anakisia kwa chuma chako na kwa pesa yako.

Vipimo havina maneno mengi: beba vernia, pima tundu la shafti sehemu tatu, na uje na shafti yenyewe.

Halmashauri ya Msalala ina reli na bandari kavu hapa Isaka, ina mgodi wa Bulyanhulu upande mwingine, na makarasha ya wachimbaji wadogo yanategemea spea zinazotoka mbali. Boksi likishafika machimboni, kulirudisha Dar es Salaam ni gharama yako. Lifungue hapo hapo linaposhushwa, toa ukucha, na usisaini mpaka umemaliza pembe zote.