Jeli, chumvi na mkunjo wa karatasi

Betri ya kawaida ni mgeni mgumu ndani ya mwili: ganda la chuma, na tumboni kemikali ambazo hakuna daktari angependa zivuje karibu na moyo. Kundi la Michael Mayer wa Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, pamoja na wenzake wa Marekani, lilitafuta njia nyingine ya kupata umeme kwa kumwiga mkunga wa umeme, samaki wa mito ya Amerika Kusini. Kazi yao ilitoka katika jarida la Nature Desemba 2017.

Malighafi yao ni jeli laini ya poliakrilamaidi, maji na chumvi ya mezani. Jeli ya chumvi kidogo huwekwa katikati, zenye chumvi nyingi pembeni. Kati ya jeli hizo kuna machujio mawili, nayo ni jeli: moja hupitisha ayoni chanya, nyingine hasi. Zikigusana, sodiamu huingia katikati kutoka upande mmoja na kloraidi kutoka upande wa pili, na hapo umeme huzaliwa. Seti moja hutoa volti 0.13 hadi 0.185 tu. Walipounganisha seti 612 mfululizo walifika volti 110.

Lakini kizungumkuti, na kwangu ndiyo sehemu tamu ya kazi hii, ni muda. Jeli zikishagusana tu, chumvi huanza kusawazishika na nguvu kupotea. Ukizipanga kwa mkono, za mwanzo zitachoka kabla hujafika mwisho. Mkunga hupeleka amri ya neva, chembe zake za umeme maelfu zikafyatuka kwa mpigo mmoja. Jeli haina neva. Basi waliprinti matone kwenye karatasi mbili za plastiki, yakae mbalimbali mpaka karatasi zibanwe pamoja. Kisha, ili jeli ziwe nyembamba na ukinzani upungue, wakatumia mkunjo wa Miura, uliobuniwa Japani kwa paneli za jua za angani: sukuma mara moja, na kila jeli inakutana na jirani yake sahihi papo hapo. Kuutumia mkunjo huo hapa ndiko uvumbuzi wenyewe. Jeli yenyewe ilikuwapo tayari.

Nguvu ilikuwa bado haba, milivati 27 kwa mita ya mraba ya kila seti. Akrilamaidi, malighafi ya poliakrilamaidi, ni sumu ikiwa haijaungana, kwa hiyo jeli lazima ioshwe vizuri kabla ya kukaribia mwili. Chumvi ikisawazishika, jeli huchajiwa upya kwa umeme wa nje. Mayer alitumaini kwamba siku moja chumvi hiyo itokane na majimaji ya mwili wenyewe.