Pambizo Zisizofafanua: Zana Shirikishi za Kusoma Msimbo Chanzo Mpakani mwa Busia na Tororo

KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa, imejengwa juu ya msimbo chanzo huria mmoja: OpenMRS, ulioanza mwaka 2004. Hivyo, mwanagenzi wa Busia na mwenzake wa Tororo husoma matini moja. Zana shirikishi zenye maelezo ya pambizoni humwongoza msomaji katikati ya maelfu ya mistari: akibofya jina, huonyeshwa lilikofasiliwa na linakotumika. Udhaifu wake ni kujibu “wapi” bila kujibu “nini”.

Katika OpenMRS, “Visit” ni kipindi chote cha mgonjwa kituoni. “Encounter” ni tukio moja la huduma ndani yake, mathalani kupimwa au kupewa dawa. Neno “hudhurio” laweza kubeba dhana zote mbili. Zikichanganywa, mgonjwa aliyefika mara moja huhesabiwa mara tatu.

Pambizo hizo, basi, ziandikwe kwa Kiswahili, zikitenga “hudhurio” na “tukio la huduma”. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Inafaa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi hizi kabla kila upande wa mpaka haujabuni zake.