Picha za ukumbusho na ugonjwa wa mawazo

Katika miji yetu ya Katanga, mtu akikonda bila homa, akikaa kimya wakati wa kula na usiku akose usingizi, majirani hawasemi kwamba ana huzuni. Wanasema: "Iko na mawazo." Ao tena: "Mawazo inamumaliza." Sisi tunaona neno hili ni la kweli, maana linaonyesha kazi yenyewe ya ugonjwa: wazo moja linarudi na kurudi, halipati mwisho. Lakini lina hatari yake. Mawazo kila mtu iko nayo. Basi mgonjwa anaambiwa tu: "Baba, vumilia, acha kuwaza sana," kana kwamba anawaza kwa kupenda.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine ya kubeba maumivu, na tungependa kuipima hapa. Katika miaka ya 1970, kule Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, jamaa nyingi za wafanyakazi zilinunua picha zilizochorwa kwa rangi, mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na kuzitundika ku saloni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walioandika juu yazo mwaka wa 1976, walisikia watu wenyewe wakiziita ukumbusho. Picha nzuri haikuwa ile ya kupendeza macho tu. Ilipaswa kumwamsha mtu kumbukumbu na kumsemesha.

Tuchukue ile inayoitwa Colonie Belge, ambayo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947, aliichora mara nyingi. Ni kiwanja cha gereza. Mfungwa mmoja amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo ya kiboko, mzungu mkubwa wa kazi anaangalia, bendera ya Ubelgiji iko juu. Mtu anaweza kuuliza: nani anapenda kula chakula chake mbele ya kitu kama hicho? Kwa maoni yetu, nguvu ya ukumbusho iko papo hapo. Mgeni anaingia, anaangalia ukuta, anauliza. Baba wa nyumba anaanza kueleza mambo ya zamani, watoto wanasikiliza. Hajasema hata mara moja: "Mimi niliumizwa." Picha imesema mahali pake. Uchungu umetoka ndani ya kifua cha mtu mmoja, umekuwa habari ya watu wote, na haya inapungua.

Lakini tusisifu bila kipimo. Ukumbusho ulizaliwa wakati kazi ilikuwa ingali na heshima. Ulijua kumlilia baba aliyechapwa na serikali ya wakoloni. Kwa baba aliyekaa nyumbani bila mshahara haukutuachia picha yenye nguvu kama ile. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ndiyo iliyogeuka Gécamines baada ya serikali kuichukua mwaka wa 1967. Sosiete ilitoa mshahara, nyumba, shule, hospitali na mfuko wa unga. Watu waliiita baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikipa kitabu chake cha mwaka wa 2001 jina Bana Shaba abandonnés par leur père, maana yake watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa mapenzi". Mapenzi gani, mtu akiwa amekaa miezi mingi bila kulipwa?

Picha ya Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki anayeleta mali kwa bei ya siri, ilijaribu kueleza utajiri na hasara. Sisi tunaiona ni dawa mbaya kwa mtu wa mawazo. Inamfundisha kutafuta nani alifanya mkataba, nani alikula bahati yake, na mara nyingi kidole kinamwangukia mama mzee ao mtoto. Michezo ya Mufwankolo na kundi lake ilifanya vema zaidi: kwa Kiswahili chetu wenyewe ilionyesha matata ya nyumba, na watu wakacheka pamoja. Ila kicheko kinakwisha kwenye mlango, na mtu anarudi ku nyumba na deni lake.

Hapa ndipo tunagusa upungufu wa desturi yetu. Mtu akifa, avenyu yote inakuja. Wanaleta viti, wanakesha, wanachanga pesa, wanawake wanalia kwa sauti, na hakuna anayewaambia wanyamaze. Kilio kinajua kubeba huzuni. Lakini mtu akipoteza kazi, ao akikimbia vita na kuacha shamba, hakuna maiti, kwa hiyo hakuna kilio. Hakuna anayekuja kukaa naye. Akiwa mwanaume, mambo yanazidi: anaambiwa mwanaume halii, basi anakwenda kulia ndani ya chupa ya lutuku.

Tunawaomba wasomaji mambo mawili. La kwanza, tukimwona ndugu amepita majuma mawili bila usingizi wala hamu ya chakula, wala furaha ya kitu chochote, tusimwambie tu avumilie, na tusimpeleke mbio kwa mtu wa kutaja walozi. Huo ni ugonjwa, na una waganga wake hospitalini. Kule Goma, nyumba ya Ndugu wa Upendo inayotunza wagonjwa hao inaitwa Tulizo Letu, na katika jina hilo neno "letu" ni zito sawa na neno "tulizo". La pili, tuchukue kutoka ukumbusho kile kilichokuwa chema: kuuliza. Mgeni wa zamani aliuliza juu ya picha, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Hata pasipo picha ukutani, kiti cha mgeni bado kipo. Twende tukikalie mbele ya yule ambaye hakufiwa na mtu.