Jani Lisilotaka Moto

Mwaka 1967 askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiangushwa na malaria iliyokwisha kuizoea dawa ya klorokwini. China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa Mradi 523 kwa sababu ulianza tarehe 23 Mei. Mapema mwaka 1969 aliingizwa humo mfamasia wa Beijing, Tu Youyou, mwenye umri wa miaka 38. Hakuwa na shahada ya uzamivu wala hakuwahi kusomea ng'ambo.

Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2015 inajulikana. Mimi hupenda zaidi kuitazama kazi yenyewe, jinsi ilivyokwenda polepole. Tu hakuanzia kwenye chupa za maabara. Alianzia kwenye vitabu vya kale na kwa matabibu wazee, akakusanya maelekezo zaidi ya 2,000, kisha akayapepeta hadi yakabaki 640. Kundi lake likatengeneza dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200, na kila moja ikajaribiwa kwa panya walioambukizwa malaria. Nyingi hazikufaa kitu. Ya mmea uitwao artemisia ilizuia vimelea kwa asilimia 68, watu wakafurahi. Matokeo ya majaribio yaliyofuata yakashuka vibaya. Mwenye haraka angeufuta mmea huo kwenye orodha. Tu akarudi vitabuni.

Huko alikutana tena na elekezo fupi la Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: konzi moja ya majani ya mmea huo iloweshwe majini, ikamuliwe, na mgonjwa anywe yale maji. Basi. Moto haukutajwa. Dawa za miti shamba za Wachina kwa kawaida huchemshwa, kama sisi tunavyochemsha mwarobaini, na wengi walilipita elekezo hilo bila kushtuka. Tu alishtuka. Je, kama joto ndilo linaloiua dawa?

Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, chini ya joto la mwili wa binadamu. Majani yakaloweshwa humo, kiini cha dawa kikatoka, kisha etha ikafukuzwa kwa joto dogo tu bila kuunguza kilichobaki. (Baadaye ilijulikana pia kwamba kiini hicho hakiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo etha ilisaidia mara mbili.) Kazi haikuishia hapo. Dondoo ile ilikuwa na sehemu yenye asidi, ambayo ni sumu na haitibu. Wakaiosha kwa alkali na kubaki na ile nyingine. Wakagundua kwamba shina halina kitu: dawa imo majanini, na majani yenyewe yachumwe kabla mmea haujatoa maua. Ukiliweka jani hilo chini ya hadubini utaviona vifuko vidogo mno juu ya ngozi yake. Humo ndimo kiini kinamohifadhiwa.

Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilivimaliza vimelea vyote kwa panya. Ilihitajika dawa nyingi zaidi kwa ajili ya wagonjwa, lakini viwanda vilikuwa vimekwama kwa misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, kwa hiyo wakaloweka majani katika etha, kwenye mapipa makubwa ya maji ya nyumbani, ndani ya vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Watu walipata kizunguzungu, na Tu mwenyewe akaugua ini. Hilo silisifu, fundi hapaswi kulipa afya yake kwa kukosa feni. Lakini mwaka 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote dondoo ile, yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza, na hapo navua kofia. Mwaka huohuo wakapata fuwele safi za kiini hicho, artemisinini.

Artemisia imelimwa hata kwetu Afrika Mashariki, Arusha na Kabale zikiwemo, na artemisinini ndiyo mzizi wa vidonge tunavyoviita dawa ya mseto. Huua vimelea upesi lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Ndiyo maana huchanganywa na dawa nyingine inayokaa zaidi, kama lumefantrini. Tayari vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi yake vimeonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya artemisia kutumika kama tiba, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo ni kidogo na hubadilika kikombe hadi kikombe. Ukiandikiwa mseto wa lumefantrini, meza dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.